Pointi Saba za The Hague: Moroko Katika Eurovision, 1980

Shindano la nyimbo la Eurovision lilianza Lugano, Uswisi, Mei 1956, na katika miaka yote tangu hapo ni nchi moja tu ya Afrika iliyowahi kupanda jukwaa lake. Nchi hiyo ni Moroko, nayo ilipanda mara moja: Jumamosi ya tarehe 19 Aprili 1980, katika ukumbi wa Congresgebouw mjini The Hague, Uholanzi. Mwimbaji alikuwa Samira Bensaïd, binti wa Rabat aliyekuwa na miaka 22. Wimbo wake, Bitaqat Hub, ulipata pointi saba na kushika nafasi ya 18 kati ya nyimbo 19. Mwaka uliofuata Moroko haikurudi, na haijarudi hadi leo. Maelezo yanayotolewa kila mara ni mafupi: Waarabu walijaribu, Wazungu hawakuwaelewa, Mfalme Hassan wa Pili akaudhika kwa aibu ile, na mlango ukafungwa. Maelezo haya yamerudiwa hadi yakapewa hadhi ya historia, na ninayapinga. Ukiyaweka matukio ya miaka ile kwenye mstari mmoja, tangu 1977 hadi 1981, unaona kwamba safari ya Samira haikuamuliwa na ubora wa muziki wala kuvunjwa na uchache wa pointi. Moroko iliingia mwaka ambao Israel haikuwapo, na ilibaki nje kwa sababu Israel ilirudi. Pointi saba zilitoa kisingizio cha heshima cha kuondoka, na tangu siku hiyo kisingizio ndicho kinachosimuliwa.

Kwanza, nchi ya Afrika ilikuwa na haki gani ya kushindana huko? Swali hili huulizwa na wengi, na jibu lake linaondoa nusu ya mshangao. Eurovision haisimamiwi na serikali za Ulaya. Inasimamiwa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, chama cha mashirika ya redio na televisheni kilichoundwa Torquay, Uingereza, mwaka 1950. Uanachama kamili hutolewa kwa mashirika yaliyo ndani ya eneo la utangazaji lililochorwa kwa mikataba ya kimataifa ya mawasiliano, na mpaka wa kusini wa eneo hilo ni latitudo ya 30 kaskazini. Mstari huo ulichorwa kwa hesabu za masafa ya mawimbi ya redio, si kwa rangi ya watu wala dini yao. Rabat, Algiers, Tunis na Tripoli zote ziko juu ya mstari. Cairo nayo inaingia kwa nafasi ndogo mno. Kwa hiyo Moroko haikuomba fadhila. Ilikuwa na haki ileile iliyokuwa nayo Ureno au Ufini, na jirani zake wa Afrika Kaskazini walikuwa na haki hiyo pia. Tunachopaswa kujiuliza ni kwa nini haki iliyokuwapo miaka mingi ilitumiwa mwaka mmoja tu, tena mwaka ule hasa.

Israel ilianza kushiriki mwaka 1973. Tangu hapo, kila shirika la utangazaji la nchi ya Kiarabu lililotaka kuingia lilikuwa na tatizo ambalo mtunzi wa nyimbo hakuweza kulitatua. Kanuni ilidai kwamba shirika linaloshiriki lirushe kipindi chote, wimbo baada ya wimbo, bila kukata kitu. Kushiriki kulimaanisha kuileta bendera ya Israel na wimbo wake ndani ya nyumba za raia, moja kwa moja, usiku wa mapumziko. Tunisia ilijaribu mwaka 1977. Ilijiandikisha kwa shindano la London, ikapangiwa hata nafasi yake katika mfuatano wa waimbaji, kisha ikajiondoa kabla ya siku yenyewe. Mwaka uliofuata, 1978, televisheni ya Jordan ilionyesha shindano la Paris kama mtazamaji tu, bila mwimbaji. Wimbo wa Israel ulipofika, watazamaji wa Amman wakaonyeshwa picha za maua. Kura zilipozidi kuielekea Israel, matangazo yakakatwa kabla ya kumalizika, na Wajordan wakaambiwa kwamba mshindi ni Ubelgiji, iliyokuwa imeshika nafasi ya pili. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Mimi nakiona ni ushahidi mzito. Ikiwa nchi isiyo na mwimbaji jukwaani ililazimika kuficha dakika tatu za wimbo na kubadili matokeo, nchi ambayo ingepeleka mwimbaji wake ashindane bega kwa bega na wa Israel ingejibu nini mbele ya watu wake?

Ushindi wa 1978 uliipa Israel haki ya kuandaa shindano la 1979, na likafanyika Jerusalem tarehe 31 Machi. Tuitazame kalenda ya wiki hiyo. Siku tano kabla, tarehe 26 Machi 1979, Misri na Israel zilikuwa zimetia saini mkataba wa amani mjini Washington, matokeo ya mazungumzo ya Camp David ya Septemba 1978. Nchi za Kiarabu zilikutana Baghdad, zikaisimamisha Misri uanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu na kuhamishia makao makuu yake Tunis. Katika hewa ya namna hiyo hata Uturuki, ambayo ilikuwa imeitambua Israel tangu 1949 na ambayo mwaka 1978 ilishiriki nayo pamoja Paris bila shida, ilirudi nyuma. Ilikuwa imeshachagua wimbo wake wa 1979, lakini kwa shinikizo la nchi za Kiarabu haikuupeleka Jerusalem. Israel ikashinda tena, mara ya pili mfululizo, nyumbani kwake.

Hapo ndipo likatokea jambo ambalo halijajirudia. Shirika la utangazaji la Israel lilisema halina uwezo wa kugharimia shindano mwaka wa pili mfululizo. Mzigo ukazungushwa hadi ukaangukia kwa Waholanzi, nao wakaupokea kwa bajeti ndogo, wakatumia tena sehemu za jukwaa la 1976, waliloandaa katika ukumbi huohuo. Tarehe waliyochagua, 19 Aprili, iligongana na maadhimisho ya Israel ya kuwakumbuka askari wake waliokufa vitani, siku ambayo burudani haifanywi. Israel ikajitoa. Ni mara ya pekee ambapo bingwa mtetezi hakuwapo kabisa kutetea ubingwa wake. Na ni mwaka huohuo, kati ya miaka yote, ambapo nchi ya Kiarabu ilipanda jukwaani. Mtu anaweza kusema ni bahati tu. Lakini bahati hiyo ingehitaji kutueleza kwa nini Moroko haikushiriki 1979 wala 1981, na kwa nini Tunisia iliyojaribu mwaka ambao Israel ipo iliishia njiani, ilhali Moroko iliyojaribu mwaka ambao Israel haipo ilifika. Kuna jambo jingine linalohusu kiti cha enzi chenyewe. Mwaka 1979 Mfalme Hassan wa Pili alikabidhiwa uenyekiti wa Kamati ya Al-Quds, iliyoundwa na nchi za Kiislamu kushughulikia suala la Jerusalem. Mwenyekiti wa kamati hiyo asingeweza kumpeleka binti wa Rabat akaimbe katika shindano ambalo bingwa wake ameshinda Jerusalem na anasimama pale kuutetea ushindi huo. Bingwa alipobaki kwao, kizuizi kikaondoka kwa usiku mmoja.

Usiku wenyewe ulipangwa kwa namna isiyo ya kawaida. Waandaaji waliamua kwamba kila wimbo utambulishwe na mtangazaji kutoka nchi husika, kwa lugha yake, kwa hiyo Kiarabu kilisikika jukwaani kabla Samira hajafungua kinywa. Moroko ilipangwa ya tano. Mbele yake walikuwa dada wawili walioiwakilisha Luxembourg kwa wimbo wa kitoto kuhusu pengwini; nyuma yake alikuwa Mwitalia Alan Sorrenti, nyota aliyejulikana tayari kwa muziki wa kucheza. Samira hakuwa mgeni wa kamera. Alikuwa amekulia mbele yake, katika kipindi cha televisheni ya Moroko cha kusaka vipaji, Mawahib. Wimbo wake, uliotungwa na Abdel Ati Amenna kwa maneno ya Malou Rouane, ulibeba ujumbe wa upendo na amani, na ulipangwa kwa makusudi uwafae masikio ya pande mbili: mdundo wa disko wa zama zile chini, fidla za mtindo wa Kiarabu juu, na mwongozaji wa okestra Mfaransa, Jean Claudric, mbele ya wapigaji. Alikuwa anaimba kwa Kiarabu kwa sababu kanuni iliyokuwapo tangu 1977 ilimtaka kila mshiriki aimbe kwa lugha ya taifa lake. Hakuwa na njia ya mkato ya Kiingereza ambayo waimbaji wa miaka ya baadaye waliipata.

Kisha zikaja kura. Kila nchi ilikuwa na jopo la majaji 11, na kila jopo liligawa pointi kwa nyimbo kumi: moja hadi nane, halafu kumi, halafu kumi na mbili. Mwaka 1980 ndio walioanza kuzisoma kutoka ndogo kwenda kubwa, ili roho za wasikilizaji zining'inie hadi mwisho. Majopo 18 yangeweza kuipa Moroko pointi. Kumi na saba hayakuipa hata moja. Waitaliano peke yao waliipa saba. Aliyeburuza mkia kabisa alikuwa Mfini, kwa pointi sita, na mshindi alikuwa Johnny Logan wa Ireland kwa pointi 143. Tunapozisoma namba hizi ni lazima tukumbuke zinapima nini. Jaji hakuulizwa wimbo huu una thamani gani. Alitakiwa achague kumi katika nyimbo 18, na wimbo ulioorodheshwa wa kumi na moja na majopo yote ungepata sifuri sawasawa na ule ambao kila mtu aliuchukia. Mfumo wa namna hii huwalipa wanaopendwa sana na wengi na haumjali anayeheshimiwa na wengi lakini kwa mbali. Wimbo wa lugha isiyoeleweka na jopo lolote lile, uliosikika mara moja katikati ya usiku, ulikuwa na njia nyembamba sana ya kuingia katika kumi bora za mtu.

Jedwali la chini la usiku ule linathibitisha hivyo. Juu kidogo ya Moroko, katika nafasi ya 16 kwa pointi 15, ilikuwa Norwei, ambayo ilipeleka wimbo kuhusu ardhi ya Wasami, wenyeji wa kaskazini ya mbali, ukiwa na uimbaji wao wa asili usio na maneno. Ya 17 ilikuwa Ubelgiji, na kundi la Telex lililopiga muziki wa vinanda vya elektroniki ambao majaji wengi hawakujua waufanye nini. Ya 15 ilikuwa Uturuki. Mwafrika wa Kiarabu, Msami, Mturuki na wapigaji wa mashine: wote walikaa kwenye ngazi moja, kila mmoja akiwa nje ya kile ambacho jopo la Ulaya ya 1980 lilikiita wimbo mzuri. Msomaji wa pwani yetu analijua jambo hili kwa masikio yake. Taarabu ya Unguja na Mombasa imelelewa kwa udi, kanuni na fidla zilizochukua mafunzo kutoka Cairo tangu enzi za Sultani Barghash, na klabu ya Ikhwani Safaa imekuwapo tangu 1905. Aliyekua akisikiliza Umm Kulthum redioni hashangazwi na sauti inayopinda katikati ya noti mbili za piano, wala na mwimbaji anayekaa juu ya neno moja mpaka lilainike. Jaji wa Copenhagen au Vienna angeweza kuisikia sauti hiyohiyo kama kosa la kuimba. Na Samira alikuwa na dakika tatu tu, muda ambao mwimbaji wa Cairo angeutumia kwa utangulizi wa vyombo na asiwe ameanza.

Lakini katika karatasi za kura za usiku ule kuna namba moja ambayo naiona ina uzito kuliko zile saba, nayo haitajwi sana. Moroko ilikuwa na kura yake ya kupiga, na pointi zake 12 iliipa Uturuki. Mwimbaji alikuwa Ajda Pekkan, na wimbo wake uliitwa Petrol. Zilikuwa ndizo 12 za kwanza kwa Uturuki tangu ianze kushiriki mwaka 1975. Jumla yake ya usiku ule ilikuwa 23, kwa hiyo zaidi ya nusu ilitoka Rabat. Wachambuzi wa Ulaya huitumia mifano ya namna hii kulalamikia majirani wanaopeana kura. Moroko na Uturuki hazipakani. Kati yao kuna bahari nzima ya Mediterania. Walichokuwa nacho pamoja ni masikio. Majaji wa Moroko walisikia katika wimbo ule kitu walichokijua, kama Waitaliano, watu wa bahari hiyohiyo, walivyosikia kitu kwa Samira ambacho Waskandinavia hawakukisikia. Kwa usiku mmoja shindano lilikuwa na masikio ya kusini ndani yake, na mara moja masikio hayo yakabadilisha hesabu ya mtu. Nchi mbili tatu zaidi za upande huo zingelifanya liwe shindano jingine.

Sasa tulitazame pingamizi linalorudiwa zaidi: kwamba Moroko ilitoka kwa sababu ilidhalilika. Ni kweli kwamba pointi saba ziliuma, na katika nchi ambayo televisheni ilikuwa ya serikali, aibu ya mwimbaji ilikuwa karibu sana na aibu ya dola. Lakini aibu peke yake haijawahi kuiondoa nchi katika Eurovision kwa zaidi ya miaka 40. Ufini, iliyokuwa chini ya Moroko usiku uleule, ilirudi Dublin mwaka 1981. Norwei ilipata sifuri mwaka 1978, ikarudi 1979, ikarudi 1980, ikapata sifuri nyingine 1981, ikarudi tena, na mwaka 1985 ikashinda. Uturuki ilianza 1975 kwa pointi tatu na nafasi ya mwisho. Ilikosekana miaka miwili, kisha ikarejea na hatimaye ikashinda mwaka 2003. Na hata kukosekana kwa Uturuki miaka ile kunaelezwa vizuri zaidi na siasa kuliko pointi: Ugiriki haikuja 1975, mwaka ambao Uturuki ilianza, na mwaka 1976 Ugiriki iliporudi na wimbo uliolilia Cyprus, Uturuki haikuwapo. Viti vya Eurovision vya miaka ya 1970 vilikaliwa na kuachwa kwa mtindo huo. Moroko iliingia katika desturi iliyokuwapo, na ukiangalia 1981 utaona kilichobadilika ni nini: Israel ilikuwa Dublin, ikashika nafasi ya saba.

Pingamizi la pili ni la kisiasa, na lina nguvu zaidi. Hassan wa Pili, anasema mpingaji, hakuwa adui mkali wa Israel. Septemba 1977 Moshe Dayan, waziri wa mambo ya nje wa Israel, alikutana Moroko na mjumbe wa Misri, katika mazungumzo ya siri yaliyotayarisha njia ya safari ya Rais Sadat wa Misri kwenda Jerusalem. Julai 1986 Shimon Peres, waziri mkuu wa Israel, alipokelewa na mfalme hadharani mjini Ifrane. Mfalme aliyeweza kufanya hayo angeogopa wimbo? Nadhani angeogopa, na kwa sababu nzuri. Mkutano wa siri unajulikana na wachache. Mkutano wa wazi unaweza kuelezwa baadaye kwamba ulikuwa wa kudai haki za Wapalestina, na mfalme huchagua siku, mahali na maneno ya taarifa. Matangazo ya moja kwa moja hayampi mtawala nafasi hiyo. Yanaingia sebuleni, yanaonyesha bendera, yanasikilizisha wimbo, na mwishoni yanamtaka Mmoroko apige kura, ambayo nayo inaweza kuiendea Israel au kuikosa mbele ya macho ya kila mtu. Lebanon iligundua hivyo mwaka 2005. Télé Liban ilimteua Aline Lahoud kwa shindano la Kyiv, akiwa na wimbo wa Kifaransa, Quand tout s'enfuit. Walipotakiwa kuthibitisha kwamba wataonyesha wimbo wa Israel bila kuukata, walishindwa kutoa ahadi hiyo kwa sababu ya sheria za nchi yao, wakajitoa na kuadhibiwa. Robo karne ilikuwa imepita tangu The Hague, na kanuni ileile ilikuwa bado inafunga mlango uleule.

Wapo pia wanaosema, kwa wepesi zaidi, kwamba Afrika si Ulaya na jambo lilikuwa halina maisha tangu mwanzo. Hili halihitaji maneno mengi. Australia, iliyo upande wa pili wa dunia, ilialikwa Vienna mwaka 2015, ikashika nafasi ya tano, na ikaendelea kuitwa. Umbali wa Moroko na Uhispania kwenye mlango wa Gibraltar ni kama kilomita 14. Ramani haikuwa kikwazo kwa aliyetaka na aliyetakiwa.

Na Samira mwenyewe? Kama pointi saba zingekuwa kipimo cha sauti yake, habari yake ingeishia hapo. Alihamia Cairo, akafanya kazi na watunzi wakubwa wa Misri, akiwamo Baligh Hamdi, akajulikana kwa jina la Samira Said, na kwa miongo kadhaa amekuwa mmoja wa waimbaji wanaosikilizwa kutoka Casablanca hadi Muscat. Mwaka 2002 alitoa Youm Wara Youm pamoja na Cheb Mami wa Algeria, na mwaka 2003 akapata tuzo ya muziki wa dunia ya BBC Radio 3 kwa eneo la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Hapa kuna jambo la kusikitisha kidogo. Redio ya Uingereza, nchi ambayo jopo lake halikumpa hata pointi moja mwaka 1980, ilimtunza baada ya miaka 23, ila ikiwa imemtengea rafu yake pembeni, ya muziki wa wengine. Eurovision, pamoja na ubaya wote wa kura zake, ilikuwa imemsimamisha kwenye mstari mmoja na Mjerumani na Mwingereza, kwa sheria zilezile na dakika tatu zilezile. Heshima ya namna hiyo wanamuziki wa Afrika hawapewi mara nyingi, na ndiyo hasara halisi iliyoletwa na mlango uliofungwa 1981.

Linabaki pingamizi la wakati wetu. Desemba 2020 Moroko na Israel zilitangaza kurejesha uhusiano. Ikiwa Israel ndiyo iliyokuwa kizuizi, kwa nini televisheni ya Moroko haikurudi? Jibu ni kwamba kizuizi kinaweza kuondoka baada ya safari yenyewe kukosa haja. Mwaka 1980 mwimbaji wa Rabat aliyetaka kuonekana na mamilioni nje ya nchi yake alikuwa na majukwaa machache sana ya televisheni. Miaka 30 baadaye majukwaa yalikuwa yamejaa upande wa Waarabu wenyewe. Dounia Batma wa Casablanca alifika fainali ya msimu wa kwanza wa Arab Idol na kushika nafasi ya pili. Mwaka 2012 Mmoroko mwenzake, Mourad Bouriki, alishinda msimu wa kwanza wa The Voice ya Kiarabu, iliyorushwa na MBC kwa watazamaji wa nchi zaidi ya ishirini wanaoielewa lugha anayoimba na wanaoijua sauti inayopinda. Katika Rabat yenyewe tamasha la Mawazine, lililoanzishwa 2001, huwaleta waimbaji wakubwa wa Ulaya na Marekani waje waimbe mbele ya Wamoroko. Shirika la utangazaji linalokokotoa gharama zake lina sababu gani ya kumtuma mwimbaji akaombe pointi kwa majopo ya kaskazini? Wenye sababu ya kujuta ni waandaaji wa Eurovision. Kwa miaka zaidi ya 40 wameendesha shindano linalojinadi kuwa la kuunganisha watu, na katika muda wote huo nchi zote za kusini mwa Mediterania zimewaachia wimbo mmoja tu.